Kuchukua gari jipya la stima kiwandani na kulifikisha Kisumu: mwongozo kamili

Wanunuzi wengi wa magharibi mwa Kenya hukwama mahali palepale. Sahihi imetiwa Thika au Nairobi, funguo ziko mkononi, picha zimeshatumwa kwa jamaa wote. Saa kumi jioni gari limesimama Naivasha, betri imebaki asilimia 9, na kebo iliyo kwenye buti haiingii kwenye chaja iliyopo. Muuzaji akipigiwa simu anajibu kwamba gari lilikabidhiwa likiwa sawa na hati ipo. Na kweli ipo.

Kwa hiyo shika hili kabla ya mengine yote: usitie sahihi hati ya makabidhiano kabla gari halijachaji mbele yako, kwa kebo ileile utakayoondoka nayo.

Mwongozo huu unamfuata mtu wa Nakuru au Kisumu anayechukua gari kiwandani Thika au kwenye yadi ya Nairobi. Gari likiwa limeunganishwa Mombasa, ukaguzi ni huuhuu, ila ni afadhali ulipie lori lilifikishe Nairobi. Kilomita 480 na zaidi katikati ya matrela si mahali pa kulizoea gari usilolijua.

Hesabu zote hapa ni za gari dogo lenye betri ya uniti 40 zinazotumika, na uzito wa kilo 1,700 likiwa na watu wawili na mizigo. Uniti ni ileile unayonunua kwa tokeni, yaani kWh 1. Betri yako ikiwa kubwa zaidi, rudia hesabu kwa namba zako.

## Vitu vya kuwa navyo

Karatasi kwanza: kitambulisho, PIN ya KRA, stakabadhi za malipo au barua ya benki, na akaunti ya eCitizen ambayo laini yake ya simu unayo mfukoni. Namba ya uthibitisho hutumwa kwa laini hiyo. Kama ni laini ya zamani iliyobaki kwenye simu ya ndugu yako, shughuli za NTSA zitasimama pale pale mezani.

Bima iwe imeanza siku hiyohiyo, imeandikwa kwa namba ya chesisi, na itaje wazi kwamba betri na kebo ya kuchajia zimo.

Vifaa:

- kipima soketi chenye taa tatu, kile cha kuchomeka tu
- mita ya fundi ya kupima volti
- kipima upepo cha matairi na pampu ndogo ya volti 12
- vifaa vya kuziba pancha, kwa sababu magari mengi ya stima hayana tairi la akiba
- ekstensheni ya mita 10, waya wa nyuzi tatu wa milimita mraba 2.5, yenye plagi nzito ya ampia 13
- tochi, kitambaa, na gunia la kulalia chini ya gari
- laifseva mbili, kizimamoto na sanduku la huduma ya kwanza

Ile ekstensheni nyeupe ya kuchomekea TV na simu iache nyumbani. Imetengenezwa kwa kazi nyepesi. Ukiipitishia ampia 10 kwa saa nane plagi inaweza kuyeyuka.

## Hatua ya 1: Maswali matano, kwa maandishi, wiki moja kabla

Uliza kwa WhatsApp au barua pepe, si kwa simu. Jibu la simu halina pa kuonyeshwa baadaye.

Tundu la kuchajia ni la aina gani? CCS2 ina duara la matundu saba juu na matundu mawili manene chini yake. GB/T, inayotumiwa na magari yaliyotengenezwa kwa soko la China, huwa na matundu mawili tofauti: moja la kuchaji polepole, jingine la kuchaji haraka. CHAdeMO utaikuta hasa kwenye Nissan Leaf. Hapa ndipo wengi huumia. Adapta ya kuchaji polepole ni kifaa rahisi. Ile ya kuchaji haraka ina elektroniki ndani yake, ni ghali, na si kila gari huikubali.

Chaja ya ndani ya gari ina kilowati ngapi, na ni ya fezi ngapi? Gari likiandikwa kilowati 11 kwa fezi tatu, nyumba yenye fezi moja inaweza kulipatia takriban kilowati 3.7 tu. Gari la kilowati 7 kwa fezi moja litachaji haraka zaidi kwako, ingawa kwenye karatasi linaonekana dogo.

Betri ni ya LFP au NMC (aina mbili za betri za lithiamu), na imo kwenye bei? Kuna mikataba ambayo gari ni lako lakini betri unakodi kila mwezi. Si lazima iwe mbaya, lakini ijue kabla.

Gari litakabidhiwa likiwa na chaji kiasi gani? Dai asilimia 95 kwenda juu. Usipodai, utalikuta na 40, kwa kuwa magari huhifadhiwa yakiwa na nusu chaji ili betri isizeeke.

Namba pleti zitakuwa tayari? Gari lenye namba za KD za muuzaji litakusimamisha kwenye kila kizuizi cha polisi hadi Ahero. Subiri pleti zako.

Hatua hii imekamilika ukiwa na majibu matano yaliyoandikwa na namba ya chesisi yenye herufi na tarakimu 17.

## Hatua ya 2: Chagua siku

Jumanne hadi Alhamisi, uwe getini saa tatu asubuhi. Ukaguzi wa haki huchukua saa mbili hadi tatu. Ijumaa na mwisho wa mwezi kila mtu anakimbiza hesabu zake, na wewe utakimbizwa pamoja nazo. Gari likiwa limelowa, omba likaushwe, maana maji huficha mikwaruzo ya rangi.

## Hatua ya 3: Kagua nje na chini kabla hujaketi

Ukishaketi kwenye kiti kipya, macho huacha kutafuta kasoro. Anza nje.

Linganisha namba ya chesisi mahali patatu: chini ya kioo cha mbele, kwenye nguzo ya mlango, na kwenye ankara ya eTIMS. Kwa kuwa hakuna injini, namba ya mota ndiyo inayoshika nafasi yake kwenye usajili, na nayo iangalie. Tarakimu moja ikikosewa leo ni marekebisho ya dakika kumi. Ikigunduliwa siku ya kudai fidia ya bima, utaambiwa gari hilo si lile waliloliwekea bima.

Tandika gunia, lala chini, washa tochi. Unatafuta bamba la kukinga betri, lile pana lililolala katikati ya magurudumu. Liwe limenyooka, bila mbonyeo wala mkwaruzo uliokata rangi hadi kwenye chuma. Makovu ya hapo hutokana na forklifti au jeki iliyowekwa pasipostahili. Piga picha pembe zote nne hata kama ni safi, kwa sababu siku utakayodai garanti swali la kwanza litakuwa kama ni wewe uliyegonga tuta. Nyaya za rangi ya chungwa utakazoziona zimebeba volti mamia. Zitazame, usiziguse.

Matairi: kila moja lina tarakimu nne zinazoonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa, kwa mfano 1525 ni wiki ya 15 ya 2025. Yote manne yakaribiane. Kisha pima upepo. Magari mapya mara nyingi husafirishwa yakiwa yamejazwa kupita kiasi ili matairi yasipate ubapa yakisimama muda mrefu, na viwanda husahau kuyapunguza. Kipimo sahihi kiko kwenye stika ya nguzo ya mlango wa dereva. Tairi lililojaa mno hudunda kwenye kona za Kinungi, hasa kukiwa na mvua.

Mwisho, betri ndogo ya volti 12. Hii ndiyo inayowasha kompyuta na kufungua milango. Ikifa, betri kubwa yenye uniti 40 haikusaidii kitu. Kama ni ya asidi, gari likiwa limezimwa ipime: 12.6 ni nzima, chini ya 12.2 imeshuka hadi nusu au zaidi kwa kukaa yadi. Ikishuka hivyo, omba mpya. Wala usikubali ile ya "itajichaji njiani".

## Hatua ya 4: Gari lichaji mbele yako

Hapa usione haya.

Omba soketi ya kawaida ya pini tatu. Chomeka kwanza kipima soketi. Kikionyesha kwamba ethi (waya wa usalama unaoingia ardhini) ipo, chomeka chaja ya kubeba iliyokuja na gari, kisha liunganishe. Liache dakika 20.

Kwenye skrini utaona kilowati zinazoingia. Chaja ya ampia 8 huleta karibu 1.9, ya ampia 10 huleta 2.4. Ukiona 0.9 au namba inayopanda na kushuka, ama soketi ni dhaifu ama chaja ina hitilafu. Hamia soketi nyingine ujue ni ipi. Baada ya dakika 20 shika plagi kwa kiganja. Vuguvugu ni sawa. Ikiwa huwezi kuishikilia kwa sekunde kumi, mguso wa ndani ni mbovu, na usiku wa kuamkia safari ndiyo itakayoungua.

Sasa simamisha uchaji na uchomoe. Kifuli cha tundu kiachie mara moja. Kisha mwambie fundi akuonyeshe kamba ya dharura ya kuachia plagi kwa mkono; kwenye magari mengi iko ndani ya buti au chini ya boneti. Ivute wewe mwenyewe. Kifuli kinachogoma saa nne usiku, gari likiwa limefungwa kwenye chaja ya watu, ni fedheha inayoepukika kwa dakika mbili.

Kiwanda kikiwa na chaja ya haraka, rudia zoezi hapo. Gari lenye asilimia 95 litavuta kidogo tu, na hiyo si kasoro: betri iliyokaribia kujaa hupokea polepole. Unachotafuta ni kwamba gari na chaja zimeelewana na uchaji umeanza bila taa nyekundu.

Ukiambiwa "chaja yetu imeharibika leo", jibu ni kwamba na sahihi itasubiri. Ukiambiwa chaja ya kubeba huuzwa kando, iongezwe kwenye ankara sasa. Duka la Nakuru lenye kebo inayofaa gari lako huenda lisiwepo.

## Hatua ya 5: Akaunti, funguo na lugha

Gari la stima lina wenyewe wawili: aliye kwenye logibuku na aliye kwenye programu ya simu. Wauzaji husajili magari kwa barua pepe ya kampuni ili kuyajaribu, halafu husahau kujitoa. Mwenye akaunti hiyo anaweza kuona gari liliko na kufungua milango. Hakikisha akaunti kuu ni yako, kisha funga na kufungua milango kwa simu yako ukiwa umesimama mita chache.

Kama gari lilikuwa kwenye hali ya usafirishaji, iondolewe. Hali hiyo huzima baadhi ya mifumo ili kuokoa betri. Masasisho ya programu yafanyike hapohapo, kwa intaneti yao. Gari haliendi popote likisasishwa, na wakati mwingine shughuli hupita nusu saa.

Lugha ya skrini ibadilishwe hadi menyu ya mwisho kabisa. Gari lililokusudiwa soko la China huweza kuonyesha Kiingereza kwenye kurasa za juu na Kichina kwenye ujumbe wa hitilafu, yaani palepale unapohitaji kuelewa.

Dai funguo mbili na ufunguo wa chuma uliojificha ndani ya rimoti. Utumie kufungua mlango wa dereva. Uliza pia utafikiaje betri ndogo ikiwa milango imekataa kufunguka kwa stima.

## Hatua ya 6: Ndipo utie sahihi

Andika kasoro zote kwenye nakala zote mbili za hati, hata mkwaruzo wa kidole. Ongeza kilomita zilizosomeka, asilimia ya chaji, namba ya betri, idadi ya funguo, na maneno haya: "chaja ya kubeba imejaribiwa, inafanya kazi". Kilomita zikizidi 100 kwenye gari linaloitwa jipya, omba maelezo yaandikwe.

Garanti ya betri kwa watengenezaji wengi ni miaka 8 au kilomita 160,000, na huahidi kwamba uwezo hautashuka chini ya asilimia 70. Tazama tarehe ya kuanza iwe ya leo, si ya siku gari lilipotoka China. Uliza pia ni karakana gani iliyo karibu na Kisumu inayoruhusiwa kuligusa bila garanti kufutwa. Kama jibu ni Nairobi pekee, nani analipa lori? Iandikwe.

## Hatua ya 7: Piga hesabu ya njia

Namba ya kilomita iliyo kwenye brosha ipunguze kwa theluthi moja, hasa ikiwa imepimwa kwa CLTC, utaratibu wa majaribio wa China. "400" ianze kuitwa 270 kichwani mwako.

Kwa mwendo wa 80, gari letu la mfano hutumia kama uniti 16 kwa kilomita 100. Kwa 110 itapita 20. Juu ya hizo ongeza milima: kila mita 100 za kupanda hula karibu nusu uniti, na ukiteremka zinarudi kama theluthi mbili tu.

Thika iko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Njia ya juu inayopita Kinale na Fly Over inakupandisha hadi zaidi ya mita 2,400, kisha unashuka Naivasha na kumaliza Nakuru kwenye 1,850 hivi. Kilomita kama 190 kwa uniti 16 ni uniti 30. Mlima unaongeza 5, mteremko unarudisha 2. Jumla 33 kati ya 40, kwa hiyo ukianza na betri iliyojaa utaingia Nakuru na asilimia 17. Inawezekana, lakini mvua ikinyesha au upepo ukiwa wa mbele, hiyo 17 inakuwa 8. Weka kituo cha nusu saa Naivasha.

Ukianzia Nairobi, kilomita 160, unafika Nakuru na karibu asilimia 30 bila kusimama.

Chaja za njiani usiziamini kwa ramani. Ramani huonyesha hata zile zilizokufa. Piga simu jana yake na tena asubuhi, na uulize manne: inafanya kazi leo? ni ya plagi gani? kilowati ngapi? malipo ni kwa M-Pesa au kwa programu yao? Kama ni kwa programu, jisajili ukiwa bado kwenye intaneti ya kiwanda.

## Hatua ya 8: Thika hadi Nakuru

Usipite katikati ya Nairobi. Toka Thika Road, shika Northern Bypass hadi Ruaka, kisha Western Bypass hadi Gitaru, uingie barabara kuu ya Nakuru.

Mota haihitaji kulainishwa kama injini ya petroli. Breki na matairi ndivyo vinavyohitaji. Kwa kilomita 300 za kwanza acha nafasi kubwa mbele. Mahali palipo wazi na salama, punguza mwendo kwa breki ya mguu kutoka 60 hadi 20 mara nane au kumi, ukiacha dakika moja katikati, ili vitambaa vya breki vishikane na diski. Hili ni muhimu kwenye gari la stima kwa sababu mota hufanya sehemu kubwa ya kazi ya kupunguza mwendo, na breki zinaweza kukaa miezi bila kutumika sawasawa.

Upanuzi wa barabara ya Rironi hadi Mau Summit, uliozinduliwa mwishoni mwa 2025, unaleta michepuko na foleni. Foleni isikutie hofu. Gari lililosimama halitumii kitu isipokuwa AC na taa, kama uniti moja kwa saa. Kinachomaliza betri ni kulipita trela kwa kasi ukiwa unapanda.

Matuta yasiyo na alama ndiyo adui wa lile bamba ulilolipiga picha. Yapande polepole, na gari likiwa limejaa watu, upande tairi moja moja kwa mshazari.

## Hatua ya 9: Usiku mmoja Nakuru, kwenye soketi ya kawaida

Kama kuna chaja ya haraka inayofanya kazi, itumie. Kama hakuna, soketi ya gesti inatosha, mradi umeipanga kabla ya kulipia chumba.

Saa kumi kwa ampia 10 ni uniti 24 kutoka kwenye mita. Kiasi hupotea njiani kama joto, na takriban 20 huingia kwenye betri, sawa na asilimia 50. Ukiingia na 30, unatoka na 80. Hiyo inakufikisha Kisumu, ila kwa shida, kama hesabu ya hatua ya 10 itakavyoonyesha.

Unapopiga simu kuulizia chumba, uliza pia:

- pana soketi ya pini tatu mita 10 kutoka mahali pa kuegesha?
- mita ni ya tokeni? Iwe na uniti 30 na zaidi, au ununue wewe. Tokeni zikiisha saa tisa usiku, uchaji unaisha nazo na hakuna atakayekuamsha.
- watakutoza kwa uniti au kwa usiku? Kubalianeni kabla.

Ukifika, kipima soketi kwanza. Kosa la kawaida kabisa kwenye majengo yetu ni ethi isiyounganishwa: soketi ina matundu matatu, waya ni mbili. Taa ya simu itawaka, birika litachemka, lakini chaja ya gari itawasha taa nyekundu na kukataa. Iko sahihi kukataa. Fundi atakayekuambia "tuunganishe ethi na nyutro kidogo tu" mshukuru na uagane naye. Siku nyutro ikikatika, bodi yote ya gari itakuwa na stima.

Jenereta nayo mara nyingi hukataliwa kwa sababu hiyohiyo ya ethi.

Kunjua ekstensheni yote. Iliyozungushwa kwenye kigurudumu chake hujipika. Viungio visilale chini penye maji. Rudi baada ya saa moja ushike plagi zote mbili. Ikiwa moto, punguza ampia kwenye chaja au kwenye menyu ya gari hadi 8 au 6.

Uchaji ukikatika kati ya saa moja na saa nne usiku kisha ukaendelea wenyewe, shida huenda ni volti ya mtaa kushuka watu wanapopika na kutazama taarifa. Ukiuanzisha saa nne mara nyingi utakwenda hadi asubuhi bila kukatika.

## Hatua ya 10: Nakuru hadi Kisumu

Kilomita 185, na sehemu inayotisha ni ya kwanza. Kutoka Nakuru kupitia Salgaa na Sachangwan unapanda zaidi ya mita 600 kwa kilomita kama 60 hadi Mau Summit. Hapo utakuwa umetumia uniti 13, theluthi ya betri, na bado theluthi mbili za njia ziko mbele. Skrini itakuambia hutafika. Gari linapiga hesabu kwa kuangalia mlima uliotoka kuupanda. Halijui kwamba Kisumu iko mita 1,131, yaani zaidi ya mita 1,300 chini yako.

Jumla ya kipande chote ni kama uniti 29. Ukitoka Nakuru na 80, utaingia Kisumu na asilimia 7 au 8, na hizo ni chache mno kwa gari jipya. Ongeza kidogo Kericho, au endelea kuchaji Nakuru hadi saa nne asubuhi ufikishe 90 na zaidi.

Ila usijaze Kericho hadi 100. Betri iliyojaa haina pa kuweka stima ya mteremko, kwa hiyo mota huacha kusaidia kupunguza mwendo, na kazi yote inabaki kwa breki ambazo bado ni mpya. Ishia 85. Weka kiwango cha juu cha mota kurudisha chaji, na kwenye miteremko mikali unaweza kuona asilimia ikipanda huku ukisafiri. Mvua ikinyesha, kipunguze ngazi moja, kwa sababu gari linalojivuta ghafla kwenye lami inayoteleza huweza kuyumba.

Baada ya Awasi ardhi inakuwa tambarare, na Machi hadi Mei Nyando hufurika. Betri nyingi zina kinga ya IP67, lakini kipimo hicho ni cha maji safi yaliyotulia, kina cha mita moja, dakika 30. Si cha maji ya matope yanayosukuma gari ubavuni. Maji yakipita nusu ya gurudumu, egesha usubiri.

Gari likigoma, lisivutwe kwa kamba magurudumu yakizunguka. Mota itazalisha stima yenyewe na kuchoma vifaa vyake. Ni lori la kubeba gari zima, basi.

## Hatua ya 11: Nyumbani

Mwezi wa kwanza soketi ya kawaida inatosha kwa watu wengi. Ukitaka chaja ya ukutani ya kilowati 7, tafuta fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati, na umpe orodha hii: laini yake peke yake kutoka kwenye bodi, kebo ya milimita mraba 6, au 10 umbali ukipita mita 20 hivi, brekari ya ampia 40, RCD (swichi inayokata stima ikivuja) ya miliampia 30 ya aina B au aina A yenye kugundua mkondo wa DC, na fimbo ya ethi iliyopimwa, si iliyopigiliwa tu.

Kisha mwulize kuhusu bafu. Chaja huvuta ampia 30. Shawa ya moto ya kilowati 5.5 huvuta 23. Mtu akiweka birika, mmepita 60, na brekari kuu ya ampia 60 inaweza kuzima nyumba nzima mwenzako akiwa na povu kichwani. Panga gari lichaji kuanzia saa nne usiku.

Tangu 2023 kuna bei ya Kenya Power ya kuchajia vyombo vya umeme: ilianza na shilingi 16 kwa uniti, na 8 saa za usiku zenye matumizi madogo, kabla ya kodi na tozo. Inahitaji mita yake na imelenga wanaopita uniti 200 kwa mwezi. Mwenye teksi aiombe. Anayetoka Milimani kwenda Kondele na kurudi hatafikia kiwango hicho.

Betri ya LFP ijaze hadi 100 mara moja kwa wiki ili kompyuta isipoteze hesabu ya asilimia. Ya NMC iishie 80 siku za kawaida. Ukifikisha kilomita 1,000, kaza nati za magurudumu kwa spana ya kipimo, pima upepo, na lala tena chini ya gari kwa tochi ulinganishe na zile picha za kiwandani.